Ndege ya Papa Kasimu Inaomba Magurudumu

Munisamehe, ba-collègue ba Beni, Musienene na Mutwanga. Chef aliniomba maandiko haya tangu mvua ya kwanza, na kila nikishika kalamu, mutoto wangu anayeota meno ananikumbusha kazi ingine. Leo amelala. Donc ninaandika.

Tarehe 28 mwezi wa sita, Papa Kasimu, tôlier, fundi wa mabati wa garage yetu ya Butembo, anaingia pension, anapumzika kisha miaka makumi tatu na mbili ya kazi. Alitoka Mutwanga akiwa kijana, akaanza kwa kunyoosha milango ya ma-camionnette na nyundo ya kuazima. Hakuna gari ya agence yetu ya usafiri ambayo hakuigonga nyundo, na hakuna chauffeur ambaye hakumutania. Josaphat, chauffeur wa pickup, anajua: akileta gari yenye kubonyea, Papa anamuuliza mbele ya ba-client kama muti alioupiga ulivuka barabara bila kuangalia.

Lakini bengi munamujua kwa sababu ya ndege. Wakati ule barabara ya Beni ilifungwa na vita, magari mengi yakalala parking, garage ikanyamaza. Batu benye kukimbia balijaa salle d'attente, chumba chetu cha kungojea, na batoto na mabunda yao. Papa akachukua mulango wa Hiace iliyokufa, akapima picha ya ndege ya vita kwenye kalenda ya zamani, akakata bati kwa kipimo cha moja kwa kumi. Mabawa ni garde-boue, mabati ya kuzuia matope ya magurudumu. Réacteurs, mashini za kuisukuma, ni boîtes mbili za maziwa ya Shekinah, mutoto wangu mukubwa, ambaye leo anasoma shule ya primaire. Kioo cha pilote ni phare, taa ya mbele ya pikipiki. Mutoto mumoja aligusa rangi yake ya kijani ikingali mbichi, Papa hakufuta. Alama ya kidole kile ingali inaonekana chini ya bawa.

Kisha akaitungia historia. Ndege hiyo, alisema, iliruka Beni asubuhi ile barabara ilifungwa. Pilote ni Commandant Agar, mama wa Musienene, mwenye kuacha chungu cha maharagi jikoni na kusema anarudi sasa hivi. Bombe hapana, chini ya mabawa inabeba viazi. Kazi yake ni kupita juu ya barabara mpaka kila mutu mwenye kukimbia arudi nyumbani kwake. Batoto baliacha kulia bapate kusikia. Mimi vilevile, nyuma ya guichet, dirisha la tikiti, nilikuwa ninasahau kukata tikiti.

Adjudant Mardochée, askari mwenye kutumwa huku kutoka mbali, aliizunguka ndege, akasema jeshi halina aina ile. Papa akamujibu kwamba siri yenye kujulikana na kila adjudant si siri tena. Salle nzima ilicheka, na adjudant mwenyewe kuliko sisi. Toka siku ile, akipita, anapiga salut kwa ndege darini na kuuliza kama Commandant ameshashuka. Jibu la Papa ni lile lile: bado, mutu wa mwisho hajafika. Njo maana ndege haikupata magurudumu ya kushukia. Miaka yote hii inaning'inia kwa kamba juu ya viti vyetu.

Nyumba ya Papa iko Mutwanga. Aliifunga wakati jamaa yake ilikimbia, na tangu pale aliiona kwa habari za ba-chauffeur tu: kahawa ingali inasimama, paa imetoboka. Mwezi uliopita muke wake, Mama Hadidja, alitangulia kurudi. Akafungua mulango, akapanda maharagi. Papa akaja guichet na mètre ya kupimia mukononi, akatazama ndege darini.

"Monique, mwanangu," akaniambia, "itafutie magurudumu. Mutu wa mwisho ni mimi."

Papa Kasimu, aksanti. Ulinyoosha mabati yetu, na siku mbaya ulitunyoosha na sisi. Ukae vizuri kwako, ulale usingizi muzima, ule viazi vya shamba lako, na Mungu abachunge wewe na Mama Hadidja.

Ba-collègue, sasa ni commande, vitu ninabaagiza. Ndege inapanda pickup pamoja naye, inashuka mbele ya nyumba yake. Mbele ya tarehe 28, mumupatie Josaphat: roulettes mbili, magurudumu ya valise, zenye kulingana, za nyuma; ingine ndogo, ya mbele; rangi ya kijani, boîte moja; na matelas, godoro ya zamani, ndege isigonge njiani. Roulettes zenye kupasuka, hapana. Na kamba ya kuning'inizia musitume.