Uso wa Nyiransabimana, Mvushaji wa Bonde la Nyabugogo

Ndugu wa karibu na wa mbali, viongozi wa umurenge, yaani kata yetu, majirani wa Gatsata, na nyinyi mliosimamisha pikipiki ili kuona kuna nini, naitwa Munyakazi, muuza vipuri wa hapa juu, mjukuu wa dada yake marehemu, na leo Jumamosi tarehe 14 Machi 2026 familia imenipa mimi kazi hii, ingawa shule niliishia darasa la sita na hilo la sita lenyewe nusu, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna anayeweza kusimulia akanishinda, na anayebisha ainue mkono.

Marehemu Nyiransabimana alizaliwa Ndera tarehe 3 Machi 1921, na tarehe hiyo nimempa mimi, maana wazazi wake walikumbuka tu kwamba mtama ulikuwa haujavunwa, na historia ya marehemu isiyo na tarehe watu huisikiliza wakipiga miayo. Shule hakwenda. Elimu yake aliipata kwa kumfuata baba yake, mkata mafunjo, katika bonde la Nyabugogo, enzi hizo mafunjo yakimpita mtu urefu, akajua kwa nyayo zake palipo na ardhi na palipo na matope yanayomeza ng'ombe pamoja na pembe zake.

Mwaka 1940 alianza kazi ya kuwavusha watu bondeni kila mvua za Aprili zilipofunika njia, wachuuzi, wagonjwa, hata maharusi, yeye mbele na wengine nyuma kwa mstari, kila mmoja ameshika nguo ya aliye mbele yake, na sharti lilikuwa moja, kwamba yeye hageuki, na siku akigeuka mkauona uso wake basi njia imekufa, rudini mlikotoka bila kuuliza. Tarehe 12 Agosti 1944 aliolewa hapa Gatsata na fundi matofali, wakajaliwa mtoto mmoja, Akimana, ambaye naye aliolewa na mfanyabiashara wa Biryogo mwenye asili ya pwani, akamzaa Raihana, huyu hapa aliyevaa nyeupe.

Alifariki tarehe 19 Aprili 1968, bila kuugua, humo humo bondeni, mwili haukuonekana, na baadaye bonde likamwagiwa kifusi, barabara ikapita, wakubwa wa barabara wakapigwa picha, jina lake likabaki midomoni mwa wazee tu, na wazee wenyewe mnaona tunavyowazika.

Ndipo Raihana na mimi tukaomba mahali pa kumwekea sanamu, umurenge wakatupa hapa tuliposimama, lakini wakasema wazi kwamba sanamu isiyo na uso haitazinduliwa, mahali patapandwa maua, na hapo ndipo tulipokwama, kwa kuwa mchongaji wetu Achille alizunguka kwa wazee wote waliovushwa na marehemu, na kila mmoja akamweleza visigino vyake, fundo la kitenge chake, kovu la shingoni nyuma, na uso wake hakuna aliyeujua, walikuwa wameuona mgongo maisha yao yote. Achille akabuni uso mara ya kwanza, akabuni mara ya pili, na mimi ni shahidi, sanamu nzima ilikauka lakini saruji ya uso ilibaki mbichi wiki baada ya wiki, juani, ikinuka tope la mafunjo, mahali ambapo mafunjo hayajaota tangu mimi nizaliwe.

Mumewe na Akimana wametangulia, na waliouona uso huo siku alipopotea pia, alikuwa amebaki mtu mmoja, Mzee Ilyasi, fundi cherehani wa Batsinda, aliyekuwa wa mwisho katika mstari siku ile, na miaka yote alikataa kusema. Raihana alimpigia magoti, akamwambia, "Babu, sina hata picha ya bibi yangu, ukiondoka na uso wake nitamtafuta wapi?" naye akajibu, "Binti, uso ule si wa kuweka barabarani." Mimi nikamchokoza, "Muzehe, au umeusahau?" akanigeukia, "Munyakazi, anayesahau ni wewe, unasahau bei ya plagi kila akiingia mteja mgeni," tukacheka, na katika kicheko kile kile machozi yakamtoka, akaanza.

Alisema walikuwa katikati ya bonde, na tangu waingie alihisi mkono umemshika shati kwa nyuma, akadhani ni mtu aliyechelewa, kisha mukecuru, bibi yetu mvushaji, akasimama, akageuka, watu wakauona uso na kugeuka mbio kurudi, lakini yeye Ilyasi miguu ilikataa, kwa sababu macho ya yule mama hayakuwa juu yao, yalipita juu ya kichwa chake yakamtazama aliye nyuma, akasema kwa upole, "Wewe uliyeshika nguo ya Ilyasi, hawa si wako, njoo kwangu." Mkono ukaachia shati. Kitu kikapita ubavuni mwake bila maji kutikisika, mama akageuka tena, akaendelea mbele, mafunjo yakafunga nyuma yake, na watu wote wakatoka wazima. "Hakuogopa," alisema Mzee Ilyasi, "alikuwa na uso wa mtu anayekaribisha mgeni, na hilo ndilo limeninyima usingizi."

Achille akauchonga hivyo hivyo, macho yakipita juu ya vichwa vyenu, kama mnavyouona, na jioni hiyo hiyo saruji ikakauka, Raihana akauweka mkono shavuni mwa bibi yake kwa mara ya kwanza.

Familia inawashukuru umurenge kwa kiwanja, Achille kwa mikono na uvumilivu, majirani kwa chai na viti, wenzangu wa vipuri waliofunga maduka, na madaktari wanaomtibu Mzee Ilyasi kifua, maana bila wao tungezindua maua. Wale wa nyuma mnaogeuka kutazama juu ya mabega yenu, nawaona, tulieni.

Nyiransabimana, mvushaji wetu, pumzika kwa amani, uso wako sasa unajulikana, na huyo uliyeondoka naye, tafadhali mama, usimwachie mkono.