Waliniletea Unga kwa Sababu Nilikonda

Sauti ninayoikumbuka hadi leo ni ya mfuniko wa sufuria. Ulianguka jikoni kwetu Kivaa, ukazunguka kwenye simiti, ukazunguka, ukapunguza mwendo, halafu ukalala. Mimi nilikuwa sebuleni nakula mkate na kucheka na simu. Nikaita, "Mwaitu, umeangusha nini?" Mama hakujibu. Nikaita tena, bado nacheka. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna nyumba iliyo kimya kama ile uliyoita mama na mama hakuitika.

Nilimkuta chini, mdomo umeenda upande, jicho moja linanitafuta. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vilikuwa vimekataa.

Ngojeni, nimeanza kulia kabla ya kuwasalimu. Mko wazima? Haya. Mimi shule niliacha kidato cha pili, na nikisimama kusema naanza na kile kinachoniuma. Najua kwenye kikundi hiki cha presha na sukari mimi ndiye mdogo kuliko wote. Siku ya kwanza kuja hapa susu mmoja, bibi huyo anayecheka pale, aliniuliza, "Umemleta nani, mwanangu?" Nikamwambia, "Nimejileta, susu." Akaacha kutabasamu, akanishika mkono mpaka mkutano ukaisha.

Kazi yangu ni kushona. Nashona yunifomu za shule hapa mjini, lakini moyoni nashona magauni ya harusi. Hata sasa nikiwatazama hivi, nusu yenu nimeshawavalisha. Nyumbani nilikuwa msichana wa kubeba mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na wa kuchimba matuta ya shamba na mwaitu. Nilipokuja Machakos nikajiambia, basi, jasho nimeliacha Kivaa. Nikakaa kwenye cherehani asubuhi mpaka jioni. Cherehani ya umeme, ndugu zangu, hata mguu hausukumi kitu. Mchana chipsi na soda. Jioni boda mpaka Katelembo, anishushe mlangoni kabisa, nisije nikakanyaga vumbi.

Na nani angenikanya? Kila nikienda nyumbani nasifiwa. Wanawake wa sokoni wananishika mashavu. "Ĩĩ! Mji umekukubali! Hebu angalieni shingo!" Kwetu shingo yenye mikunjo ni kama cheti. Mwaitu alikuwa ananizungusha mbele ya majirani kama ndama wa maonyesho, na mimi nazunguka.

Sasa, baada ya ile siku ya mfuniko, mwaitu alilazwa, akatoka, tukaanza kumleta kliniki. Siku moja nesi alimaliza naye, akanigeukia.

"Leta na wewe huo mkono."

"Mimi ni mzima."

"Sijakuuliza."

Akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha, kikanibana. Akatazama. Akanifunga mkono wa pili. "Umekuja ukikimbia?"

"Sista, mimi sijakimbia tangu darasa la nane."

Hakucheka. Akaniambia nirudi wiki nyingine anipime nikiwa nimetulia. Nikarudi, nikarudi tena, na kila mara presha ilikuwa juu. Ndipo akatuketisha, mimi na mwaitu. Akamwambia mama kwa upole, "Mama, wewe hukuugua siku ile ulipoanguka. Presha ilianza ukiwa msichana kama huyu, kidogo kidogo, na hakuna aliyekupima." Mwaitu akainamisha kichwa. Tangu ujana wake alikuwa na hoteli ndogo hapo sokoni, ameketi kando ya karai la mafuta siku nzima, chakula chake mandazi yaliyobaki na chai ya sukari tele. Nesi akasema mishipa ya kijana huvumilia, lakini haisahau.

Kisha akanieleza yangu. Dawa hataniandikia bado. Nitembee kila siku mpaka nitoke jasho, chumvi na mafuta nipunguze, soda niiache, tuendelee kupima. Isiposhuka, nitaanza dawa. Na msinisikie vibaya, dawa si aibu, ndizo zinamshikilia mwaitu. Lakini mimi nilikuwa nimeona ule mdomo ukienda upande, na nilitaka wangu ubaki mahali pake.

Basi nikaanza kutoka kazini kwa miguu. Nilidhani ni jambo rahisi, si nimezaliwa natembea? Loo. Hapa kwetu msichana wa mjini akitembea, watu wanajua ameishiwa. Boda aliyekuwa ananibeba alipunguza mwendo kando yangu.

"Sasa, dada, kwani mambo ni mabaya hivyo? Panda, nitakubeba bure."

"Natembea tu."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Si ndiko nakupeleka!"

Nilicheka. Siku za kwanza nilikuwa nacheka bado. Mwili ukaanza kupungua, na hapo kicheko kikaisha. Rafiki yangu tuliyekuwa tunashona pamoja, tuliyekuwa tunakunywa chai kikombe kimoja, asubuhi moja alikuja na kikombe chake kwenye mfuko wa karatasi. Alikiweka upande wake wa meza. Nikaelewa anadhani nina ule ugonjwa ambao watu wanautaja kwa kunong'ona. Na hata ningekuwa nao, wapendwa, haupiti kwenye kikombe. Nilikunywa chai yangu nikiangalia ukuta.

Halafu Jumapili moja mchana nikasikia nyimbo zinakuja kwenye ploti yetu. Nikafungua mlango. Wanawake wa kanisa, wamejaa mlangoni, wamebeba unga, kabichi, na mafuta ya kupikia debe zima. Walikuwa wamekuja kuniombea. Mmoja akanikumbatia, akapima mgongo wangu kwa kiganja, akasema, "Mwanangu, mifupa! Hata kama ni bwana amekuacha, utakula."

Ningewaambia nini? Wamepanda kilima na debe la mafuta kwa ajili yangu. Nilijaribu, nikasema, "Ni mimi nimeamua kupungua." Wakatazamana. Mama mmoja akasema, "Ndiyo, mpenzi," kwa ile sauti ya kumwambia mtoto mwenye homa. Wakaniwekea mikono kichwani, wakaomba kwa uchungu wa kweli, wengine machozi yanatoka. Chumba kilikuwa kimejaa watu wanaonipenda, na mimi sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Nikaacha kutembea. Nawaambia ukweli. Nilipanda boda, nikanunua soda, nikakaanga kabichi yao kwa mafuta yao. Mashavu yalipoanza kurudi, kikombe cha rafiki yangu nacho kikarudi kwenye mfuko, tukanywa tena kwenye kimoja. Tukacheka tena. Nikawa na watu tena. Nilikuwa nimejua bei yake, lakini upweke ni njaa mbaya.

Mwisho wa mwezi nikaenda Kivaa. Nilimkuta mwaitu ndani, mlango umefungwa, anafanya mazoezi ya mguu kati ya kitanda na kabati. Daktari alimwambia atembee nje, kwenye njia. Nikamwuliza mbona amejifungia.

"Watanicheka. Naburura mguu."

"Nani atakucheka?"

"Watu." Akaketi, akanitazama kuanzia chini mpaka juu. Nilingoja anisifu. Nilikuwa nimejaa tena. Akasema, "Na wewe? Unatembea?"

"Niliacha, mwaitu. Wanasema naumwa."

Siku hizi maneno yake yanatoka polepole, kama mtu anayeokota maharage moja moja. "Mimi nilifurahia shingo yako," akasema. "Kumbe nilikuwa nakuzungusha kuelekea hapa." Akapiga ule mguu wa kushoto kwa kiganja. "Mimi naumwa, naona haya. Wewe bado hata kuumwa, na haya ushaanza kuona. Ukingoja uumwe ndipo utembee, huu ndio mguu utakaotembelea."

Nikamwambia, "Basi twende wote. Tutoke sasa."

"Hapana. Mimi nitatoka siku yangu. Wewe toka leo. Na usingoje mtu wa kukusindikiza, mwanangu. Hayuko."

Niliumia. Nilitaka aniambie atakuwa nami. Lakini nilitoka, nikatembea mpaka sokoni na kurudi, na wanawake wale wale wakaniuliza nimetumwa nini. Nikawaambia sijatumwa.

Tangu siku hiyo sijaacha. Presha haikushuka haraka kama kwenye hadithi. Ilishuka, ikapanda, ikashuka kidogo, na nesi hakuniruhusu kushangilia mapema. Juzi ndipo alinipima mikono yote miwili, akasema, "Hii sasa ni ya msichana." Akaniambia pia niendelee kuja, kwa sababu damu ya kwetu ina historia.

Namshukuru yule nesi ambaye hakuuliza. Namshukuru mwaitu. Siku hizi anafika mpaka kwa jirani wa pili, na akichekwa naye anacheka. Nawashukuru wale akina mama wa unga pia, kwa moyo wote. Walikosea ugonjwa, hawakukosea upendo. Na ninyi mliokubali msichana akae katikati yenu, Mungu awaongezee.

Neno langu ni moja. Mkifika nyumbani, mkimkuta kijana wenu amenona, msimzungushe. Mwambieni aje apimwe. Mkimkuta anatembea, msimwonee huruma. Mwacheni atembee, na kama mna nguvu, tembeeni naye, kwa maana njia ile ni ndefu mno kwa mtu mmoja.

Leo nilikuja kwa miguu kutoka Katelembo, nikawatangulia nyote. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepangwa juu ya vingine ukutani. Nilivishusha kimoja kimoja, nikawawekea. Nilipomaliza niliketi kwenye kimojawapo, sijui ni nani kati yenu amekikalia sasa, nikaweka vidole viwili hapa kwenye kifundo cha mkono, nikausikiliza moyo wangu ukitulia.