Godeliva Nizigiyimana na Uso wa Mrina Asali

Nani kati yetu aliuona uso wa Godeliva Nizigiyimana ukivimba, akamuuliza kama anaumwa?

Marehemu alizaliwa Ulyankulu tarehe 9 Machi 1974, binti wa kwanza wa wazazi waliotoka Burundi miaka miwili kabla. Alimaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1989. Mwaka huo baba yao alifariki, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, mizinga yake yote ya nyuki alimwachia Godeliva. Mdogo wake Dafrosa hakulisahau hilo. Siku moja alimfichia dada yake mwenge wa kufukizia nyuki. Godeliva alirina hivyo hivyo, akarudi macho yamezibwa na uvimbe, akamkatia mdogo wake sega kubwa kuliko lake. Dafrosa alikereka zaidi: hata kwa wema alikuwa ametanguliwa.

Mwaka 1996 Godeliva alifunga ndoa na Antoni kanisani, wakajaliwa Dismasi na Julieth. Asali yake iliuzwa hadi Tabora mjini.

Mwaka 2022 kope na mashavu yake vilivimba, pande zote mbili. Tulisema nyuki. Dafrosa alikuja juu: "Umerina tena bila kuniita." Walipomzika mama yao, Godeliva alikaa macho makavu, akinywa maji kila mara. Dafrosa akawaambia waombolezaji kuwa dada yake amenona kwa asali hadi machozi yameziba. Wapo waliocheka.

Uvimbe wa nyuki hupungua baada ya siku chache. Huu ulikaa miezi, nasi hatukushtuka. Madaktari wa Mwanza walipima kinyama cha tezi ya mate, wakakuta saratani ya limfu, imeshika na tezi za machozi. Dafrosa alihamia wodini, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kushika kikombe cha mgonjwa. "Hata ugonjwa wangu unauonea wivu?" Godeliva alimtania.

Alifariki nyumbani jioni ya tarehe 14 Juni 2024. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo mmoja.

Asubuhi iliyofuata, wanawake walipokuja kumwosha, Dismasi alimkuta mama yake mdogo mlangoni na beseni. "Mtanisamehe, huyu simgawi," Dafrosa aliwaambia. Akaingia, akamfuta dada yake kope kwa kitambaa chenye maji, taratibu, mpaka uso ule ukaonekana umelia.

"Haya, dada," akasema. "Pumzika sasa."