Bw. Keinan Shuaib na Vikapu Vilivyoita Mbuzi

Bw. Keinan Shuaib aliingia ofisi yetu ya viwanja vya umma hapa Garissa Julai 1966, akiwa na kalamu moja na viatu vya kuazima. Jumatatu, tarehe 30 Juni 1997, atatoka na viatu vyake mwenyewe. Kalamu, tunavyoamini, ni ile ile. Hapo katikati kuna miaka thelathini na mmoja ya kupima mahali ambapo watu wengine wanacheza.

Alianza kama karani wa stoo. Mwaka 1974 mkaguzi wa viwanja alihama ghafla, na kwa kuwa Keinan ndiye peke yake aliyejua ufunguo uliko, akawa mkaguzi. Hakuna aliyemfundisha. Futi ya chuma ya serikali ilikuwa ikiunguza mkono ikifika saa nne asubuhi, kwa hiyo aliiacha stoo, akachukua kamba ya ngamia na kuipiga fundo kila hatua. Kwa kamba hiyo amepima kila uwanja kuanzia Bura hadi Tarbaj. Huko Tarbaj aligundua kwamba goli moja la shule lilikuwa juu kuliko la pili kwa kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Ripoti yake ilikuwa na mstari mmoja: timu zibadilishane upande kila robo saa, na kipa wa chini apewe maji zaidi.

Lakini kazi tutakayomkumbukia ni ya mwaka huu.

Mhandisi mmoja mgeni, aliyekuwa na kazi za misaada katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, alitujengea uwanja wa mchezo wa kwao. Mchezaji anarusha kisahani cha plastiki kutoka kituo kimoja hadi kingine, na mwisho wa kila kituo kuna kikapu juu ya mlingoti. Juu ya kikapu inaning'inia minyororo. Kisahani kikiigonga, kinaangukia ndani. Vituo ni tisa, na mahali ni kiwanja cha zamani cha soko la mifugo, karibu na kisima cha umma. Mhandisi alimaliza kazi, akatuachia visahani kumi na viwili, akarudi kwao.

Tatizo likawa mbuzi. Kila watu wakianza kucheza, mbuzi wanajaa uwanjani, wanasimama chini ya vikapu na kuwatazama wachezaji kama wanaowadai. Mwenyekiti wa kamati ya michezo, Bw. Kulow, aliwalaumu wachungaji na kuamua kiwanja chote kizungushiwe ua, kisima kikiwa ndani. Kilichobaki ni sahihi ya mkaguzi kwamba uwanja unafaa. Ilikuwa Februari, kiangazi kikali cha jilaal, na njia ya mtoni imezibwa na mashamba. Mama Osob, muuza maziwa mwenye mbuzi ishirini na tatu, alikuja hadi mlangoni mwa ofisi.

“Adeer Keinan, ua ikifungwa, mbuzi yangu itakunywa nini? Hii sahani?”

Bw. Kulow naye alikuwa na haraka.

“Mzee, weka sahihi tu. Mbuzi itajua njia ya mto.”

“Mwenyekiti, kalamu imekauka. Ni mwaka mbaya.”

Kwa siku nne Keinan alizunguka na kamba yake. Aliandika kwamba kituo cha pili kinamtazamisha mchezaji jua la magharibi, na hapa hakuna anayecheza kabla ya alasiri. Cha tano kikapu kimekaa mbele ya kichaka cha miiba ya mathenge, na visahani vitatu tayari vimeingia humo. Hakuna aliyejitolea kuvifuata. Cha saba ni hatua mia moja na arobaini, umbali unaomfaa mhandisi peke yake, naye hayupo. Yeye mwenyewe alirusha mara sitini na moja na hakuingiza hata kimoja. Hilo pia aliliandika.

Siku ya tano alimwomba Mama Osob ajaribu, kwa hoja kwamba uwanja wa umma lazima upimwe na umma. Mama Osob aliigeuza sahani, akaichunguza chini kama anayetafuta bei, akairusha kama anayemfukuza kuku. Ikaingia kikapuni. Minyororo ikalia cherere! Papo hapo mbuzi wake ishirini na tatu, waliokuwa wamelala ng'ambo ya barabara, wakaja mbio.

“Wallahi!” Mama Osob akacheka hadi akashika mlingoti. “Wanadhani Dubow anavuta maji!”

Dubow ndiye mlinzi wa kisima. Ndoo yake inavutwa kwa mnyororo, na mbuzi wa mtaa huo tangu kuzaliwa wanajua sauti hiyo ina maana moja tu. Hakuna mchungaji aliyewaleta uwanjani. Tulikuwa tukiwaita sisi wenyewe, mara tisa kila mchezo, kisha tunawafukuza.

Ripoti ilisema: “Uwanja unachezeka. Vituo 2, 5 na 7 visogezwe. Ua hauhitajiki. Mbuzi wana adabu, wakiitwa wanakuja. Minyororo iondolewe, zifungwe kamba badala yake.”

Bw. Kulow aliisoma mara mbili, akauliza kamba itatoka wapi, maana stoo hakuna. Keinan alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akafungua kamba yake ya miaka ishirini na mitatu, akaanza kuikata fundo kwa fundo. Ilitosha vikapu vyote tisa.

Kisima hakina ua hadi leo. Jioni watu wanacheza, visahani vinaanguka kimya, na mbuzi wamelala wanakolala. Mama Osob anaongoza kwa pointi.

Bw. Keinan, ahsante kwa kutupimia, na kwa kusubiri kalamu ilowe. Mkaguzi ajaye akikuuliza kamba iko wapi, mwonyeshe kiwanja. Nenda salama, afya iwe nawe, na Mungu akujalie siku ndefu zisizopimwa na mtu. Visahani tisa vilivyobaki viko stoo. Ufunguo unaujua uliko.