Waliokula Keki Wasimame Ukutani

Benchi letu liko mbele ya karakana ya ngozi iliyofungwa siku nyingi, chini kabisa ya dirisha la jikoni kwangu, kwa hiyo mpishi wa kahawa ni mimi, nitake nisitake. Naipitisha dirishani ndani ya birika la shaba, kisha natoka kuja kukaa na wenzangu. Jina langu Nusret, ila hapa naitwa Breki, maana nilikuwa dereva wa basi la Sarajevo na abiria hawakunisahau. Zulfo tunamwita Redio, lakini redio ya kweli ina kitufe cha kuzimia. Rasim ni Sukari, tangu daktari alipomkataza vitu vitamu. Ijumaa ile tulipotoka msikitini, mji mzima ulikuwa na habari moja tu: matumbo. Jumapili kikosi cha zimamoto kilikuwa na sherehe uwanjani. Watu walikula, wakanywa, wakashikana mikono wakacheza kolo, ngoma yetu ya duara, mpaka nyasi zikalala chini. Jumatatu nusu ya mji ikaamkia chooni. Mjukuu wa Sukari alilazwa, akatundikiwa dripu. Ameshatoka na sasa anadai chokoleti. Na mkosaji alikuwa ameshapatikana bila kutafutwa: Fikreta, mwenye duka la keki hapo kona ya pili, aliyeleta krempita, ile keki laini yenye krimu nene katikati.

– Krimu ilikuwa imechacha, alisema Redio. Niliiona kwa macho haya. Ilikuwa inatikisika.

– Krempita zote hutikisika, nikamwambia. Ndiyo kazi yake.

– Ile ilitikisika vibaya.

Sukari akavuta kahawa kwa sauti, akatingisha kichwa.

– Mwacheni mama wa watu. Huu ni upepo. Hema lilikuwa wazi huku na huku. Upepo ukiingia mlango huu na kutokea ule, tumbo halina pa kujificha. Marehemu mama alikuwa anafunga madirisha hata mwezi wa nane, na aliishi miaka tisini.

– Sasa wapiga tarumbeta mbona walikaa katikati ya huo upepo na wako wazima?

– Breki, wewe nawe! Wale wanapuliza kutoka ndani kwenda nje. Upepo utaingilia wapi?

Redio akasogea mbele, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

– Haya, mnataka ukweli? Fikreta amenunua friji mpya. Imetoka Ujerumani. Friji za siku hizi zina mtandao ndani. Mtu yuko Munich, kakaa zake, anabonyeza simu, friji yako inazima. Krimu inachacha wewe umelala.

– Huyo mtu wa Munich amzimie Fikreta friji ili apate nini?

– Soko, bwana! Soko la keki!

– Atazileta krempita hapa kutoka Munich?

– Ndivyo wanavyoanza.

Tulikuwa bado tunacheka alipotokea Mwalimu Sadeta, fimbo mkono mmoja, kishikwambi kwapani. Huyu amewafundisha hesabu watoto wetu wote, na bado akikutazama unajikuta unaficha mikono. Alipopasuliwa goti na kuambiwa akae ndani, alichoka kutazama ukuta, akajiandikisha kozi mtandaoni. Si ya kushona wala ya kupika. Epidemiolojia: elimu ya kuchunguza ugonjwa umetoka wapi, umempata nani, na umemwacha nani.

– Nimepita kwa Fikreta, alisema bila hata salamu. Kabandika tangazo dirishani. Friji inauzwa. Kesho anafunga duka.

Redio aliweka kikombe chini.

– Afadhali, akasema, ila kwa sauti ndogo. Mtoto wa watu alitundikiwa dripu.

– Zulfo, jirani yangu, unajuaje kuwa ni keki?

– Kila aliyeugua nimemuuliza. Wote walikula keki!

– Na wale ambao hawakuugua? Hao walikula nini?

Redio akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Sukari. Sukari akatazama ndani ya kikombe.

– Mzima utamuuliza nini? akasema Redio. Mzima hana habari.

– Mzima ndiye mwenye nusu ya habari, alisema Mwalimu. Hilo ndilo somo la kwanza kabisa kwenye kozi yangu. Ukiwauliza wagonjwa peke yao, utakuta wote walikula mkate, wote walivaa viatu. Utashtaki viatu? Haya, simameni. Breki, waite watu.

Kuwaita hakukuwa na kazi. Ilikuwa siku ya soko, watu wanapita na vikapu, na kwetu ukiona watu wanne wamesimama unakuja kuwa wa tano. Wakaja akina mama wa sokoni, kinyozi na mteja wake mwenye povu shavuni, na vijana kadhaa wa zimamoto. Mwalimu akapanda juu ya benchi, goti na yote, mimi nikimshikilia kiuno kwa adabu zote.

– Nani alikuwepo Jumapili? Vizuri. Waliokula keki ya Fikreta wasimame ukutani. Ambao hawakula wakae upande wa barabara. Sasa, walioharisha au kutapika wainue mkono juu.

– Mwalimu, mbele za watu? akalalamika kinyozi.

– Tulikutana wote kwenye foleni ya choo, Ismet. Inua.

Watu wakacheka, mikono ikapanda. Mwalimu akatazama ukuta: wengine mikono juu, wengine chini. Akatazama barabara: hali ile ile. Upande wa barabara alisimama Sukari, ambaye keki hajaonja tangu mwaka juzi, na mkono wake ulikuwa juu kuliko wote.

– Mmeona? Waliokula, wengine wameugua, wengine hawakuugua. Wasiokula vivyo hivyo. Keki ingekuwa na kosa, ukuta ungejaa mikono na barabara ingekuwa tupu.

– Na hawa zimamoto, akasema mama mmoja, walimaliza sinia zima la krempita! Mimi ndiye niliyewapelekea.

– Sinia na nusu, akasahihisha kijana mmoja, akijipapasa tumbo. Hatukuugua hata mmoja.

– Hao wamezoea moshi, akanong'ona Redio.

Mwalimu akawapanga tena kwa nyama ya kuchoma. Hakuna tofauti. Akawapanga kwa mboga za siki. Hakuna tofauti. Sasa watu walikuwa wameshaupenda mchezo, wanakimbilia pande zao kama watoto wa shule, wanasukumana na kutaniana. Zimamoto walikuwa wamekunywa bia tu mchana kutwa, na walijitangaza bila kuulizwa.

– Haya, akasema Mwalimu. Na juisi. Waliokunywa ile juisi baridi ya maua ya zova wasimame ukutani.

Nilihisi mwili wake ukikakamaa mikononi mwangu kabla sijaelewa sababu. Ukutani mikono iliota kama mahindi shambani, hata wa Sukari, ambaye kwake juisi ya maua si kitu kitamu. Barabarani palibaki mkono mmoja tu juu, wa Redio.

– Zulfo, uliharisha?

– Hapana.

– Ulitapika?

– Hapana. Nilipiga chafya usiku kucha.

– Shusha mkono. Tulikubaliana mgonjwa ni nani, wewe una mafua.

Redio akashusha mkono watu wakiangua kicheko. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, maana kila mtu mjini anajua juisi ya zova kwenye sherehe zetu anatengeneza nani. Kila mwaka mwishoni mwa masika Mwalimu Sadeta huchuma hayo maua meupe ya mti wa zova, huyaloweka na sukari na limau, na chupa zake hupangwa mezani kama askari. Ni fahari yake. Watu walianza kutazama viatu vyao.

Redio ndiye aliyemsogelea, na kwa mara ya kwanza niliona huruma usoni kwake.

– Mwalimu, shuka, umechoka. Hesabu imekosewa mahali. Tuseme ilikuwa keki, yaishe. Fikreta mwenyewe ameshakubali kufunga.

– Kweli, akasema mama mwingine. Nani atakwenda kusema nje?

Mwalimu alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilikuwa namtazama kutoka chini, na wallahi nilitamani akubali. Ningekuwa mimi ningekubali.

– Juisi ni yangu, akasema kwa sauti ya darasani, ya kufika mpaka dawati la nyuma. Nilikuja hapa nikitaka sana isiwe keki. Sasa siwezi kukataa jibu kwa sababu limenigusa mimi. Aliyetundikiwa dripu ni mjukuu wa Rasim. Rasim, jirani yangu, nisamehe.

Sukari alipapasa kofia yake, hajui aiweke wapi.

– Mtoto yuko salama, Mwalimu. Ameniibia hata chokoleti niliyoificha. Usilie bwana, nami nitalia, na nikilia sukari inapanda.

– Ngojeni kwanza, nikasema mimi. Chupa ya juisi hiyo hiyo ninayo ndani. Tunakunywa na mke wangu kila siku tangu mwezi wa sita. Hatujapata hata kiungulia.

– Sisi pia, akasema kinyozi. Mimi nauzia wateja... yaani, nawapa wateja.

Mwalimu akainua kichwa. Machozi yalikuwa bado yapo lakini macho yalikuwa yameshaanza kazi.

– Mnachanganya na maji gani?

– Ya bomba, tukasema pamoja.

– Na Jumapili? Mimi nilileta chupa, nikakaa na goti langu. Nani alichanganya?

Hapo kijana wa zimamoto akakumbuka kwamba bomba la uwanjani lilikatika asubuhi ile, ikabidi maji yaletwe kutoka kwenye chemchemi ya nyuma ya uwanja, ile iliyo chini ya malisho ya kondoo. Na Ijumaa na Jumamosi kabla ya sherehe mvua ilikuwa imenyesha kama imekodiwa, mlima wote ukateremkia bondeni.

– Nani aliyachota?

Mtu aliyejikalia tena mwisho wa benchi akakohoa.

– Maji yale yamewalea babu zetu, alisema Redio.

– Zulfo!

– Yalikuwa na rangi kidogo. Nikasema ni madini.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Sukari, na yeye ndiye aliyekuwa na haki. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha wote tukamfuata, na Redio mwenyewe akafunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika vibaya kuliko krempita yoyote.

Mwalimu akapiga simu idara ya afya pale pale. Baadaye walikuja, wakachukua maji, na maabara ikasema alichokisema yeye. Chemchemi ikafungwa kwa mnyororo. Lakini nataka kusema ya mchana ule. Redio, ambaye sasa alikuwa mpole kama mwanafunzi mgeni, alimsaidia Mwalimu kushuka kwenye benchi.

– Tusubiri majibu ya maabara, Mwalimu? Ndipo twende kwa Fikreta?

– Kwa habari ya maji tutasubiri. Kwa Fikreta tumeshachelewa.

Tukaenda wanne. Duka lilikuwa safi kama sebule ya wageni, krempita zimejaa kwenye kioo, hakuna aliyezigusa. Fikreta alikuwa anafuta kaunta iliyokuwa haina kitu cha kufutwa. Ni mwanamke mrefu, mjane, mwenye mikono ya kukanda unga. Alituona akaendelea kufuta.

Mwalimu alisema yote, amesimama, bila kuzunguka: juisi yake, maji ya chemchemi, mikono ukutani na mikono barabarani. Redio akaongeza kwamba maji alichota yeye, na kwamba maneno ya krimu kuchacha ni yeye aliyeyaanzisha Jumatatu asubuhi, tena kwa sauti. Sukari akasema mjini sasa kila mtu anajua, kwa sababu nusu ya mji walikuwepo na nusu ya pili wameshasimuliwa.

Fikreta akaweka kitambaa chini.

– Mmenisema msikitini, sokoni, kwa kinyozi. Watu walivuka barabara wasipite mlangoni kwangu. Kutoka kwenye benchi lenu mpaka hapa mtu anaweza kuniita nikasikia. Kwa nini siku zote hizi hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza?

Alituuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli. Akamtazama kila mmoja wetu kwa zamu. Mwalimu, mwenye kozi yake na vyeti vyake, aliinamisha kichwa. Mimi nilisikia friji ile ya Ujerumani ikinguruma, nikatamani ingurume zaidi.

Fikreta akangoja. Alipoona hakuna jibu litakalotoka, akaenda dirishani, akabandua tangazo, akalikunja mara mbili na kulitia mfuko wa aproni.

– Basi kaeni, alisema. Msisimame kama mmekuja kukamata mtu. Nitapika kahawa, maana ya Breki mji mzima unaijua ilivyo.

Tukakaa. Kutoka nyuma ya pazia tulisikia maji yakimiminika kwenye birika, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuuliza ameyatoa wapi.