Kaleb Petro wa Kerenge na Kaleb Petro wa Sindeni, 1916–1976

Kwa mujibu wa tamko rasmi la tarehe 12 Machi 1963, lililogongwa muhuri mara mbili, marehemu tunayemzika leo alikuwa watu wawili. Wa kwanza ni Kaleb Petro, Mshambaa wa Kerenge, Korogwe, aliyetumikia jeshi miezi michache kambini, hakuvuka bahari, na alistahili medali moja. Wa pili ni Kaleb Petro, Mzigua wa Sindeni, Handeni, aliyepigana Burma, alistahili medali nne, na hajulikani alipo. Ofisi iliyotoa tamko hilo ilieleza kwamba watu hao hawana uhusiano wowote, na kwamba haina mashaka juu ya jambo hilo. Familia inaiheshimu ofisi. Inaomba tu kuyaeleza maisha ya marehemu kama ilivyoyaona.

Marehemu alizaliwa Kerenge tarehe 17 Juni 1916, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Petro na Mama Lea. Ilikuwa wiki ileile ambayo Wajerumani walitoka Korogwe na Waingereza wakaingia. Mama Lea alipenda kusimulia kwamba yeye hakuona tofauti kubwa, maana wote walipita wakiulizia kuku.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1926 hadi 1930, akamaliza darasa la nne. Siku moja mwalimu alimtoa nje kwa kosa la kuchonga jina lake juu ya dawati. Baada ya muda mfupi alimwita arudi, kwa kuwa mguu wa dawati hilohilo ulivunjika na hakuna mwingine darasani aliyejua kuutengeneza. Hapo ndipo useremala wake ulipoanzia. Mabenchi mliyokalia sasa ni kazi ya mikono yake, na wanaoona yanayumba wajue kwamba ni ardhi.

Tarehe 14 Oktoba 1939 alifunga ndoa na Bi Filomena, binti wa Jumbe wa Kerenge. Jumbe huyo aliitwa Matayo. Jina hilo tunaliandika kwa idhini ya mjane, kwa sababu marehemu mwenyewe hakulitamka hata mara moja tangu siku alipopeleka posa. Jina la baba mkwe halitamkwi, na Kaleb alikuwa mtu wa adabu. Akitaka kumtaja alisema "yule mzee", na akiwa na haraka alikohoa tu. Hata kanisani, zamu yake ya kusoma ilipoangukia siku ya Mathayo, alitangaza kuwa somo linatoka katika Injili ya kwanza. Mchungaji alimzoea. Jeshi halikumzoea.

Februari 1941 alijiandikisha katika stesheni ya Korogwe. Karani aliyekuwa mezani aliuliza jina, akaambiwa. Akauliza kijiji, akaambiwa Kerenge. Kisha akauliza jumbe wake ni nani. Kaleb akatazama paa la stesheni.

"Hamna jumbe huko kwenu?"

"Yupo."

"Anaitwaje?"

"Yupo tu, bwana."

Nyuma yake kwenye mstari alisimama kijana wa Kizigua kutoka Sindeni, Mhina Rehani, ambaye leo ameketi hapa mbele na ameombwa asisimame mpaka wasifu huu uishe. "We Msambaa," Mhina akasema, "unatuchomesha jua. Sema Sadala. Ni jumbe wetu sisi, lakini nakuazima."

"Sadala," akasema Kaleb, akashusha pumzi.

Karani alilijua eneo lake vizuri. Alijua kwamba Sadala ni jumbe wa Sindeni. Akakata Kerenge, akaandika Sindeni, na ili karatasi isipingane yenyewe, akakata Mshambaa, akaandika Mzigua. Ndivyo alivyozaliwa yule Kaleb wa pili, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne na mke Kerenge.

Mwaka 1944 walikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, ambako mvua ilinyesha mpaka nguo zikaota ukungu mwilini. Mhina aliumia mguu, na Kaleb alimbeba mgongoni siku nzima. Mzee Mhina ana maelezo tofauti kuhusu nani alimbeba nani, na kwa kuwa ni mtani, anaruhusiwa. Walipovuka mto Chindwin maji yalichukua kadi ya Kaleb pamoja na kiatu kimoja. Kiatu alipewa kingine upesi.

Mwaka 1946, kwenye kambi ya kuwaaga askari, aliulizwa anakwenda wapi. Akajibu, "Kerenge, kwa mke wangu." Karani mwingine, aliyechoka zaidi kuliko wa kwanza, alimfungulia kadi mpya kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo medali iliyokwenda Kerenge ilikuwa moja, ile ya kila aliyevaa sare. Medali nne za Burma zilikwenda Sindeni mwaka 1949. Mhina wakati huo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Jumbe Sadala aliuliza kijiji kizima kama yupo Mzigua anayeitwa Kaleb, wakacheka sana, naye akazirudisha. Alifanya haki.

Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, askari wa zamani walipita mbele ya watu Korogwe wakiwa na medali zao. Wenye nyingi walitangulia. Kaleb, mwenye moja, alikuwa mkiani, karibu na mbuzi wa sherehe. Kutoka mbele Mhina aligeuka na kupaza sauti: "Kaleb! Mpishi wangu! Ugali umeiva?" Watu walicheka, na Kaleb alicheka kuwashinda. Utani ule haukumuumiza. Kilichomuumiza kilitokea Kerenge baadaye, kwa watu wasio watani. Kijijini likazuka neno. Mtu akisema amelima ekari tatu, anaambiwa, "Za Burma hizo." Mtoto akidai ameoga, mama yake anamwambia, "Usiniletee Burma." Bi Filomena alikuwa akiteka maji siku alipolisikia mara ya kwanza. Alirudi nyumbani na ndoo tupu, akamwambia mumewe, "Baba Hosiana, vaa koti. Tunakwenda bomani."

Kuanzia siku hiyo alikwenda naye kila mahali, kwa sababu ilijulikana swali gani litaulizwa. Mwanzoni mwa mwaka 1963 walikaa mbele ya ofisa kijana, mwenye kalamu mbili mfukoni, mgeni wa mkoa.

"Mzee, jumbe wako wakati huo alikuwa nani?"

Kaleb akatazama dari.

"Matayo," akasema Bi Filomena.

"Mama, nimemwuliza mzee."

"Mzee hawezi."

"Ni bubu?"

"Ni mkwe."

Ofisa akaweka kalamu chini. "Mama, majumbe wamefutwa. Nchi hii sasa haina majumbe."

"Majumbe wamefutwa, mwanangu. Ukwe haujafutwa."

Ofisa akaandika kwamba mwombaji ameshindwa kumtaja jumbe wake mwenyewe. Mhina aliitwa kama shahidi. Aliapa kwa Mwenyezi Mungu, kisha akaeleza kwamba ndiyo, Msambaa huyu alikuwa Burma, alilia kuanzia Mombasa hadi Rangoon, na Wajapani walisimamisha vita mara mbili ili wambembeleze. Utani una sheria zake: mtani hamsifu mtani wake mbele ya watu. Ofisa hakuwa na kifungu cha utani. Maelezo ya shahidi yaliondolewa kwa kukosa uzito, na mwezi Machi likatoka tamko tulilolitaja mwanzo.

Marehemu alirudia kuandika miaka sita. Majibu yalikuwa ya heshima na yote yalifanana. Rekodi, aliambiwa, haiwezi kuhamishwa kutoka Sindeni kwenda Kerenge.

Mwaka 1969 redio ilikuwa ikiwahimiza watu kuhamia vijiji vya ujamaa, na Sindeni ilikuwa ikitafuta seremala. Jioni moja Bi Filomena alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso. "Serikali inasema tuhamie vijijini," alisema. "Na serikali hiyohiyo inasema wewe uko Sindeni. Basi twende tukakukute."

Marehemu alisema baadaye kwamba katika miaka yote ya vita hakuwahi kusikia amri iliyonyooka namna ile. Haikuwa rahisi kwa aliyeitoa. Bi Filomena aliacha kaburi la baba yake, migomba yake na watu waliomwita kwa jina la utoto. Walihama mwezi Agosti wakiwa na randa, misumeno, kitanda na kuku saba. Mhina aliwapokea njiani akipiga debe. "Karibu nyumbani, Mzigua! Umechelewa miaka ishirini na minane, lakini kiazi chako tumekutunzia."

Marehemu alilima mahindi na pamba ya kijiji, akatengeneza madawati ya shule, milango ya ghala na haya mabenchi. Februari 1971 alikwenda ofisini Handeni. Bi Filomena alikwenda naye kama kawaida, kwa ajili ya lile swali.

"Jina?"

"Kaleb Petro."

"Kijiji?"

"Sindeni."

"Kabila?"

"Mzigua," akadakia Mhina mlangoni, "ila bado hajaiva."

"Jumbe wako wakati wa kuandikishwa?"

"SADALA!" akasema Kaleb. Mpiga chapa wa chumba cha pili aliacha kazi yake akaja kuchungulia. Bi Filomena, ambaye safari hii hakuwa na la kusema, alitoa karanga kwenye kanga akaanza kula. Anasema hakuwahi kula karanga tamu kama zile.

Jambo moja tu lilikuwa limebaki. Ofisa aliuliza, kwa ajili ya kukamilisha, kama anamfahamu mtu mwingine mwenye jina hilo, wa Kerenge. Kaleb alifikiri. "Namfahamu," akajibu. "Ni mtu mwema. Amesumbuliwa sana."

Medali nne zilifika Sindeni tarehe 3 Mei 1972. Rekodi ya Kaleb wa Sindeni ilisahihishwa kuonyesha kwamba amepatikana. Pamoja na ile ya Kerenge, zikawa tano ndani ya nyumba moja, na mbili kati yake ni sawasawa. Marehemu alivaa nne. Ile iliyozidi alimbandika Bi Filomena kifuani mbele ya kijiji kizima, akasema, "Hii ni ya vita vya ofisini." Bi Filomena ameivaa leo. Siku hiyo watu wa Kerenge walikuja na lori la kukodi, wakala, wakacheza mpaka vumbi likapanda, na usemi wao wameuacha, walau akiwepo Bi Filomena.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1975. Alitibiwa Korogwe, akarudi, akaendelea kupiga randa akiwa ameketi. Wiki yake ya mwisho Mhina alikuja kila siku kumtukana, na kila siku mgonjwa alikula kidogo baada ya matusi. Jumatano alimwita Bi Filomena karibu, akamwambia kwamba kwa kuwa anakwenda kuonana na yule mzee, huenda huko itabidi waitane kwa majina, na yeye hajajiandaa. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 4 Novemba 1976, nyumbani, mke wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi Filomena. Watoto watatu, Mwalimu Hosiana, Grasiana na Fabiani. Wajukuu kumi na mmoja. Na mtani mmoja, Mzee Mhina Rehani, ambaye sasa anaweza kusimama. Medali nne ziko juu ya jeneza, na baada ya ibada zitakuwa mikononi mwa Fabiani.

Katika makabati ya ofisi, Kaleb Petro wa Kerenge na Kaleb Petro wa Sindeni wangali watu wawili wasio na uhusiano wowote. Mungu awapumzishe kwa amani wote wawili.

Kaburi ni moja.