Fundi Sindano na Jeraha Lililokataa Kufunga

Marehemu, tuliyemwita Fundi Sindano hadi tukasahau jina alilopewa na mamaye, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano, na wa kwanza kwa ubishi.

Alianza shule mwaka 1968, akaishia kidato cha pili. Kisa chake, aliombwa na kiranja mkuu ampunguzie suruali. Aliipunguza hadi kiranja akasoma wiki nzima kwa kusimama.

Mwaka 1979 alirithi cherehani, akashona sare za wanafunzi miaka arobaini na mitano. Alikuwa na desturi tuliyoiona ni busara: akiandikiwa antibiotiki za siku saba, siku ya tatu akipata nafuu huacha, zilizobaki akazitia kwenye kopo la vifungo. Mteja akikohoa, humpa mbili. "Meza, mwanangu. Hospitali foleni." Sote tumezimeza. Tusitazamane.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na mteja aliyekuja kupimwa gauni. Alimpima kiuno mara tatu.

"Fundi, kwani kinakua?"

"Kinanikimbia, dada. Tulia."

Walijaliwa mabinti wawili.

Tarehe 3 Juni 2024 alipasuliwa ngiri. Alipoamka aliukagua mshono, akamwambia daktari, "Mwanangu, dukani kwangu huu ungefumuliwa." Siku ya sita ukafumuka wenyewe, usaha ukatoka, na hakuna aliyecheka tena. Dawa ya kwanza haikufua dafu, wala ya pili. Usaha ulipelekwa maabara. Mkewe alingoja majibu siku tatu kwenye benchi la korido, kila mlango ukifunguka roho mkononi.

Huko maabara zilijaribiwa dawa kumi. Kwa tisa, bakteria walikuwa sugu.

"Na ya kumi?" mkewe alimuuliza daktari.

"Inawaua, mama. Ila inaweza kuumiza figo. Tuombe mkojo usipungue."

Basi ukoo mzima ukaombea mkojo, na mkewe akawa anauinua mfuko kwenye mwanga, akipima kwa vidole.

Kuhusu lile kopo, daktari alisema hawezi kuapa. Bakteria sugu humpata hata asiyewahi kumeza kidonge. "Lakini dawa ikikatizwa, mara nyingi wanaobaki ni wale wakaidi."

Fundi alisikia. Aligeukia ukutani.

"Mama watoto, mjukuu nilimpa ngapi?"

"Mbili tu. Pumzika."

Jioni aliuliza tena. Asubuhi ya tarehe 24 Juni mfuko ulikuwa mkavu, na saa nne kasoro robo akakata roho.

Ameacha mjane, mabinti wawili, kaka mmoja, dada watatu, na mjukuu wa miaka minne ambaye hayupo nasi hapa. Ana homa tangu juzi. Mama yake amekataa kumpa chochote kabla hajapimwa. Wako hospitalini, na majibu ni kesho.

Fundi alale kwa amani. Wasiwasi atuachie sisi.